Vidole, Kioo na Kobalti

Mwaka 2005, kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, ilianza kuuza Lemur, kifaa chenye kioo kilichohisi vidole vingi kwa pamoja. Mwanamuziki alijichorea mwenyewe vitufe, akavipanga apendavyo, akaongoza kompyuta jukwaani.

Mwimbaji Björk alikitumia katika ziara ya albamu yake Volta, 2007. Katika albamu hiyohiyo walishiriki wanabendi wa Konono No. 1 wa Kinshasa, mafundi wa kweli: sauti ya likembe zao, ala zinazopigwa kwa vidole gumba, waliikuza kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu.

Mwaka 2011 Lemur ikawa programu ya iPad. Betri za tableti huhitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi ya Konono No. 1, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkoani Lualaba, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume.