Kutoka Chang'ombe hadi Jamhuri

Babu niliyemfuata Chang'ombe hakutaka tuanzie kwa timu ya Dodoma Jiji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaongeza mbukwa ya Kigogo kunipima kama sijaisahau, kisha akanisogezea kigoda kivulini. "Hao ni wa juzi, mjukuu wangu," akasema. "Ukitaka mpira wa Dodoma, anza na CDA."

Kwa mtu wa Dodoma, herufi hizo tatu si za mpira kwanza. Ni za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam yaje huku kwenye vumbi, mibuyu na nyumba za tembe. Kabla ya hapo Dodoma ilikuwa mji wa stesheni. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa 1910, ikaendelea zake Tabora na Kigoma. Baada ya uamuzi ule likaja jambo jingine kabisa: ramani kuu ya mwaka 1976 iliyochorwa na kampuni ya Toronto, viwanja vilivyopimwa, hati za miaka 33, na ofisi moja yenye usemi wa mwisho juu ya nani ajenge wapi. Ofisi hiyo ikawa na timu ya mpira, na timu ikaitwa kwa jina la ofisi.

Chang'ombe, yenye ng'ombe ndani ya jina lake, ilikua bila kuisubiri ramani. Watu walijenga kwanza, wapimaji wakaja baadaye. Babu anasema siku za kazi jina la CDA lilitajwa hapa kwa hofu, kwa sababu lilikuja pamoja na kamba ya kupimia. Siku ya mechi watu walewale walitembea kwa miguu hadi Uwanja wa Jamhuri kulishangilia. Nilimuuliza waliwezaje. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu, akasema wachezaji walikuwa vijana wa mjini, walijulikana kwa majina.

Jibu hilo nimelibeba njia nzima.

Maana ukiyapanga majina ya timu za Dodoma, unasoma historia ya serikali kuhamia huku. Kulikuwa na CDA. Kulikuwa na timu iliyoitwa Waziri Mkuu, jina ambalo kijana wa leo akilisikia hudhani ni utani, wakati lilitoka kwenye ofisi iliyotangulia kuhamia hapa. Ikaja Polisi Dodoma, iliyofika Ligi Kuu miaka ya 2000. Ikaja Dodoma FC, ambayo leo ni Dodoma Jiji. Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote zikiwa timu za vijana wa mitaani, na majina yao yalibadilika kwa ugomvi na mapenzi ya wanachama wenyewe. Simba iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Huko klabu ilizaa ofisi, ikajenga jengo, ikachagua viongozi. Kwetu ofisi ndiyo iliyozaa klabu.

Sisemi hilo ni baya. Timu ya ofisi ilimpa kijana ajira, na mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa wa uhakika kuliko ahadi za mfadhili. Lakini timu ya namna hiyo hukaa mgongoni mwa mama yake, na mama akianguka, mtoto huanguka naye. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, baada ya miaka mingi ya migogoro ya ardhi, na kazi zake zikapelekwa Manispaa. Mafaili yalihamishwa, watumishi walihamishwa, hati zikaongezwa kutoka miaka 33 hadi 99. Kumbukumbu za timu hazikuwa na wa kuzihamisha.

Kutoka Chang'ombe hadi Jamhuri unafika bila kupanda bodaboda. Uwanja ni wa CCM, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani vilivyojengwa enzi za chama kimoja. Nilisimama getini, nikaikumbuka Aprili 26, 2018. Siku hiyo, kwenye sherehe za Muungano zilizofanyika uwanjani humu, Rais Magufuli alitangaza Dodoma kuwa jiji. Kwa hiyo neno "Jiji" lililo kifuani mwa wachezaji wetu lilitamkwa rasmi juu ya nyasi zilezile wanazochezea. Sijui klabu nyingine nchini iliyopata nusu ya jina lake kwenye uwanja wake wa nyumbani. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa msimu wa 2019/20, timu ya Halmashauri ya Jiji ikapanda Ligi Kuu. Mashabiki wakaibandika jina la Walima Zabibu, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatoka kwenye mashamba ya Makutupora na Hombolo na halikutoka kwenye barua ya mtu yeyote.

Lakini si lazima timu ianguke na ofisi iliyoizaa. Kuna mji mdogo Marekani unaoitwa Green Bay, wenye watu kama laki moja na ushei, wakati Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022. Mwaka 1919 kijana mmoja wa huko, Curly Lambeau, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya kufungasha nyama, alimwomba mwajiri wake fedha za jezi za timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai. Kampuni ikatoa, na timu ikaitwa Packers, yaani wafungasha nyama. Haikupita miaka mingi kampuni ikauzwa, jina lake likapotea sokoni. Timu ilikaribia kupotea pia. Mwaka 1923 watu wa mji wakanunua hisa wakaichukua, na hadi leo ni mali ya wanahisa zaidi ya laki tano wasiopokea hata senti ya gawio. Imetwaa ubingwa mara 13, ikipambana na timu za matajiri wa miji mikubwa.

Niliposimulia hayo Chang'ombe, babu aliuliza swali moja tu: "Majina ya wale wa mwanzo wanayo?" Wanayo, nikamjibu. Kikosi cha 1919 kimeandikwa, na hadi leo mtu anaweza kukisoma.

Hapo ndipo ninapoumia. Timu za kwetu zilicheza juzijuzi, watu waliozitazama bado wanaota jua barazani asubuhi, na bado huwezi kuingia mahali popote mjini ukaonyeshwa kikosi cha CDA au cha Waziri Mkuu ukutani. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipopata ajali mkoani Lindi likitokea Ruangwa, hapa mtaani hakuna aliyeulizia Halmashauri. Watu waliuliza kama golikipa yuko salama, wakataja mshambuliaji, wakataja beki, mmoja mmoja. Wachezaji walinusurika. Miaka 30 ijayo nani atayataja majina hayo, ikiwa Halmashauri nayo itabadilishwa jina?

Nilirudi kwa babu jioni na daftari la mistari. Nikamwomba anipangie kikosi cha CDA anachokikumbuka. Alianza na namba moja, golikipa, akaja mabeki wawili wa pembeni, akasimama kidogo kwenye namba tano kwa sababu walikuwa wawili waliopokezana na hakutaka kumdhulumu yeyote. Namba sita alimtaja kwa jina la utani, jina la baba akaomba muda. Namba tisa alimtaja akicheka peke yake. Tulipofika namba kumi na moja alinyamaza, akakuna kidevu, akageukia njia kama anayemtazamia mtu atokee. Kisha akaniambia niache nafasi. Yupo mwenzake Mailimbili anayemfahamu winga yule vizuri. Niende asubuhi, kabla jua halijawa kali.