Keria

Keria ni fremu ya chuma inayofungwa juu ya paa la gari ili kubebea mizigo. Murusagamba, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, jirani na Burundi, ni nchi ya vilima na migomba. Huko, mzigo wa kawaida wa keria ni mikungu ya ndizi na magunia ya maharage.

Hatari kubwa ni urefu wa mzigo: kila kilo inayopanda juu huinua kitovu cha uzito, na gari huwa jepesi kupinduka konani. Magari mengi madogo huruhusiwa kilo 50 hadi 100 tu juu ya paa, uzito wa keria yenyewe ukiwemo. Gunia moja la kilo 100, basi, limeshamaliza hesabu.

Vizito hulazwa chini katikati, vyepesi juu, turubai likafuata. Mpira wa tyubu hushika vizuri lakini hunyumbuka. Kamba ya manila iliyopitishwa mbele na nyuma ni bora zaidi. Mikungu huteleza, hivyo kamba hukazwa tena baada ya kilomita chache. Abiria hapandi kwenye keria.