Kompyuta Ndani ya Mafuta: Mkubwa Wake Yuko Jinja

Wenzetu wengi mmetuuliza kuhusu zile video za kompyuta inayofanya kazi ikiwa imezama ndani ya tanki la mafuta, kama samaki. Wengine mnadhani ni uvumbuzi wa juzi. Hapana. Hapa Jinja mafuta yanapoza vyombo vya umeme tangu zamani.

Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Umeme haufiki mpaka nyumba za Mbale bila transfoma, na ndani ya transfoma kubwa za namna hiyo nyaya na chuma vimelala kwenye mafuta ya madini. Mafuta hayo hayapitishi umeme, lakini joto yanalibeba vizuri kuliko hewa: yakipata moto yanapanda, yanapoa kwenye mapezi ya pembeni, yanashuka tena. Mafundi wa miaka ya 1890 walishalijua hilo.

Kompyuta ilifuata tu. Mwaka 1985 ilitoka Cray-2 ya Seymour Cray, Mmarekani, sakiti zake zikiwa zimezamishwa kwenye Fluorinert, kimiminika cha bei kali ambacho si mafuta. Mafuta ya madini ndiyo ya watu wa kawaida, yale safi yasiyo na rangi. Ukijenga, zamisha bodi na memori. Diski ya kuzunguka iache nje, ju ina tundu la kupumulia. Mafuta yakiingia, imekufa. Tena mafuta hupanda polepole kwenye nyaya mpaka mezani, na kubadilisha kifaa baadaye ni taabu kabisa.

Sasa linalotuuma. Kuna watu wanafungua transfoma usiku na kukamua mafuta, mengine yanauzwa ya kukaangia chipsi. Transfoma inaungua, mtaa unabaki giza. Na zile za zamani nyingine zina PCB, kemikali inayosababisha saratani. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulitaka vifaa vyenye kemikali hiyo viondolewe kazini ifikapo 2025. Kwa macho huioni, na moto wa kikaango hauimalizi.

Basi mtu akikuletea jerikeni ya mafuta ya transfoma kwa bei poa, iwe ya kompyuta au ya rolex, usichukue. Sisi wa chapati za kando ya barabara ndio tunaletewa kwanza, ju wanajua tunahesabu kila shilingi.