Mantiki hii, mantiki hizi

Neno mantiki limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu kunena. Kwa wasemaji wengi mantiki ni moja tu: hoja ama inayo, ama haina. Ndiyo maana "mantiki hizi" husikika kama kosa la mwanafunzi.

Si kosa. Sarufi inaruhusu, na wataalamu wa programu wanauhitaji wingi huo. Kabla ya kuandika programu nyeti, wao hueleza kwa lugha ya kihisabati kazi inayopaswa kufanya, na mara nyingi lugha moja haitoshi. Chukua mashine ya kutolea pesa. Kusema kwamba kila kadi ina akaunti yake, mantiki ya "kila" na "baadhi" yatosha. Lakini kusema kwamba mteja aliyekatwa pesa hatimaye atazipata kunadai mantiki ya wakati, yenye "daima" na "hatimaye", ambayo Amir Pnueli aliiingiza katika uchunguzi wa programu mwaka 1977.

Ugumu huanza mantiki hizo zinapokutana katika mfumo mmoja. Wanasayansi wa kompyuta Joseph Goguen na Rod Burstall, katika makala yao ya 1992, waliweka sharti la msingi kwa kila mantiki: majina ya vitu yakibadilishwa, ukweli wa sentensi usibadilike. Juu ya wazo hilo ikajengwa programu ya Hets, inayotafsiri maelezo kutoka mantiki moja hadi nyingine.

Basi wahariri wa vitabu vya kompyuta waiache "mantiki hizi" ilivyo, wasiikate kwa kalamu nyekundu.