Wekundu wa nkula na wekundu wa pomadi

Hapa Lubumbashi tukisema « ule mama ni mwekundu », tunamsifu. Lakini katika masimulizi ya Waluba sifa hiyo ilikuwa kinyume. Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili, ndiye aliyekuwa mwekundu. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyekuja toka mashariki na adabu za kifalme, alikuwa mweusi wa kung'aa, na mwana wake Kalala Ilunga njo alimshinda Nkongolo. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka.

Sisemi kwamba wazee walichukia rangi nyekundu. Waliitoa katika mti wa mukula, ule ule ambao malori yaliubeba sana kuupeleka ngambo katika miaka ya 2010. Ukikatwa, unatoa utomvu kama damu. Ndiyo maana jirani zetu Wandembu, ndugu za Walunda, waliutumia katika tambiko liitwalo Nkula, kwa bamama wenye shida ya damu ao ya uzazi. Unga wa nkula ulichanganywa na mafuta, ukapakwa mwilini siku ya sherehe. Kisha mtu alioga, na rangi ikaenda na maji.

Wekundu wa pomadi hauendi na maji. Reli ya kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na bidhaa za Afrika ya Kusini zikazoea soko letu. Baadaye zikaja pomadi za kugeuza ngozi, zenye zebaki, kisha zenye hidrokinoni. Jina la Ambi, watu wa umri wa mama zetu wanalikumbuka. Siasa ya authenticité iligeuza jina la nchi mwaka 1971 na majina yetu mwaka 1972, lakini pomadi zilibaki sokoni.

Hatari ilionekana mapema. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa figo, ambao wengi wao walikuwa wamejipakala pomadi za zebaki. Mwaka 1975 muganga Findlay, kule Pretoria, alieleza madoa meusi yanayotokea mashavuni kwa sababu ya hidrokinoni. Afrika ya Kusini iliikataza katika pomadi mwaka 1990.

Siku hizi adui mkubwa ni kortizoni. Ni dawa ya wagonjwa wa ngozi, ya kupakwa kwa siku chache, tena kidogo. Mtu akijipakala miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba na mishipa midogo ya damu inatanuka. Uso unakuwa mwekundu, wa moto, unawasha, unatoka vipele. Akiacha gafula, unawaka zaidi kwa majuma mengi. Basi anafikiri pomadi ilikuwa inamponya, anairudilia. Hapo njo mtego wenyewe, na bamama wengi wamo ndani, si kwa ujinga.

Mwenye kutaka kutoka aende kwa muganga na kartoni ya pomadi yake mkononi, ili ajue kilichomo. Muganga ataona kama inafaa kupunguza pole pole, na dawa gani itatuliza uso. Huku nyumbani asipake ndimu, wala dawa ya meno, wala sabuni kali. Anawe na maji tu ao sabuni laini, na jua la mwezi wa kumi alikutane na mwamvuli. Wekundu wa kortizoni unaweza kuchukua miezi mpaka upoe. Yale madoa ya Findlay, mara nyingi hayatoki tena.