Kiwewe cha Utotoni na Nani wa Kukitibu

Neno kiwewe limeenea mno siku hizi. Mtoto aliyenajisiwa ana kiwewe, aliyefiwa na mama ana kiwewe, na aliyechapwa mbele ya wenzake naye husemwa vivyo hivyo. Ukizuka mjadala kama mtu aliyeumizwa utotoni lazima amwone mtaalamu ndipo apone, wanaobishana mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Kwa matumizi ya kawaida, kiwewe ni hali ya muda. Moto ukizuka sokoni, mtu huingiwa na kiwewe, akahaha asijue ashike lipi aache lipi, kisha akatulia. Istilahi ya kitabibu inayofasiriwa kwa neno hilo, trauma, asili yake ni Kigiriki na maana yake ni jeraha. Baadaye ikahamishwa kutoka kwenye mwili hadi kwenye nafsi, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikauingiza katika mwongozo wake ugonjwa tunaouita mfadhaiko baada ya kiwewe. Wanyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walishika njia nyingine: husema ihahamuka, neno linaloanzia mapafuni, kwa mtu aliyekatika pumzi. Ni chaguo zuri, kwa sababu linaeleza kinachompata mgonjwa badala ya kilichotokea siku ile.

Tofauti hiyo ndiyo muhimu. Tukio ni jambo moja, na jeraha linalobaki ni jambo jingine. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia katika ufukara, ulevi na ugomvi wa wazazi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wanaojimudu na wenye upendo. Mara nyingi kulikuwa na mtu mzima aliyewashika mkono: bibi, shangazi, mwalimu. Mkono huo haukutoka kliniki.

Na theluthi mbili waliobaki je? Utafiti mwingine, ulioanza San Diego, Marekani, mwaka 1995 chini ya Vincent Felitti na Robert Anda, uliohusisha watu zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba kadiri madhila ya utotoni yalivyorundikana ndivyo hatari ya ulevi, ugonjwa wa moyo na kujaribu kujiua ilivyoongezeka ukubwani. Kwa hiyo kauli tuliyoizoea majumbani, kwamba mtoto husahau, ni kauli ya hatari.

Kuhusu nani wa kutibu, jibu la karibu zaidi na kwetu limetoka Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nusu Tanzania na nusu Kenya, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma za kawaida za watoto yatima. Jingine lilipata tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, katika vikundi, kwa wiki 12, walezi wao nao wakishirikishwa. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Tiba ilipomalizika, watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na kijijini katika kila nchi. Mwaka mmoja baadaye, tofauti ilibaki Kenya, mjini na kijijini. Kwa Tanzania, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka, makundi yote mawili yakiwa sawa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanastahili kusomwa yote, pamoja na sehemu isiyompendeza mtetezi wa tiba.

Kaskazini mwa Uganda, vijana waliotekwa utotoni na waasi wa LRA walitibiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani na wenyeji waliofunzwa. Njia yao huanza na kamba inayotandazwa chini: ua huwekwa mahali pa jambo jema maishani, jiwe mahali pa baya, kisha maisha yote husimuliwa kwa mpangilio wake, jiwe kwa jiwe. Walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopewa masomo ya ziada.

Kinachohitajika, basi, ni utaratibu uliothibitishwa, mafunzo na msimamizi. Cheti kikubwa si sharti, lakini huruma peke yake haitoshi. Kumlazimisha mtoto asimulie yote kwa mara moja, kisha kumwacha, si tiba. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo.

Kwa mzazi au mwalimu, mpaka ni huu: jinamizi, kushtukashtuka, au kukwepa kila kinachokumbusha tukio, vikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga masomo au usingizi, hapo ni jeraha na mtoto apelekwe kwa mtu aliyefunzwa. Naye mtu huyo aulizwe maswali mawili kabla ya kuanza: alifunzwa njia gani, na nani anamsimamia.