Likizo Si Uvivu: Historia ya Kufunga Shule Eastlands

Wasee, Agosti ikifika Nairobi, baridi imekaza na shule zimefungwa, bado saa moja asubuhi unaona watoto na mabegi wakikatiza mtaa. Wanaenda tuisheni. Wengine wanasomea kwa sebule ya mwalimu, wengine kwa darasa ambalo mapazia yamefungwa ndio afisa wa elimu asijue. Muulize mzazi, atakuambia afadhali asome kuliko akae bure.

Hiyo "kukaa bure" ndiyo nataka tuongelee, kwa sababu ina historia, na sehemu kubwa ya hiyo historia iko hapa kwetu Eastlands.

Turudi nyuma. Reli ilifika Nairobi 1899, na serikali ya kikoloni ikamchukua Mwafrika wa mjini kama mtu wa kupita. Njoo ufanye kazi, ukimaliza rudi kwenu. Ndiyo maana kulikuwa na kipande, na ndiyo maana nyumba nyingi za kwanza upande huu zilikuwa za wanaume peke yao. Angalia zile ploti za zamani za Shauri Moyo au Ziwani. Chumba kilihesabiwa kwa vitanda, si kwa familia. Mtoto hakuwa kwa hesabu kabisa. Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940, ikiwa na nyumba za familia, bustani, shule na ukumbi wa jamii, hilo lilikuwa jambo geni, na waliobahatika kupata nyumba huko walikuwa wachache.

Kwa hivyo familia nyingi ziliishi kwa msimu. Baba yuko mjini, mama na watoto wako ushago. Wanakutana kazi ya shamba ikipungua au Krismasi ikifika. Mapumziko ndiyo yaliyowafanya wawe familia chini ya paa moja.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Miaka ya 1970 Buruburu, Umoja na Dandora zikaanza kujengwa, na watoto wengi zaidi wakazaliwa na kulelewa mjini. Sasa wao ndio wakawa wa kusafiri. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, Machakos Country Bus inajaa. Mathe amebeba mkate, sukari na majani ya chai, na watoto wanapelekwa kwa shosho mpaka wiki ya mwisho.

Fikiria ratiba ya huko ilikuwaje. Haikuwepo! Unaamka na jogoo, unateka maji, unapeleka ng'ombe, halafu mchana wote ni wako. Aprili mvua inanyesha, unashika jembe upalilie. Jioni unakaa jikoni na moshi unasikiliza wazee wakisimulia nani alizaa nani. Hakuna aliyeita hayo masomo. Lakini wengi wa wazazi wetu wanaoongea lugha yao vizuri leo, wanaojua mipaka ya shamba na majina ya babu zao, walijifunza hayo kwa zile wiki ambazo hakuna mtu alikuwa anawafundisha.

Na waliobaki mtaani hawakukosa shughuli. Kulikuwa na kati, bano, brikicho na kalongolongo mpaka taa za barabarani ziwake na mathe aanze kuita majina dirishani. Mwisho wa mwaka kulikuwa na Koth Biro pale Ziwani, ile michuano ya mpira iliyoanza miaka ya 1970 na inachezwa mpaka leo. Mtaa ulikuwa unajua kupumzika.

Sasa nani alichukua likizo? Mtihani. 8-4-4 ilipokuja 1985, KCPE ikawa lango jembamba la kuingia sekondari nzuri. Matokeo yakitoka, gazeti lilikuwa linapanga shule na wanafunzi kutoka namba moja kwenda chini. Kila wiki ambayo mtoto hasomi ikaonekana ni wiki ambayo mtoto wa jirani anampita. Tuisheni ikaingia, ikawa pia mapato ya pembeni kwa walimu ambao mshahara haukutosha.

Serikali iliona. Mwaka wa 2012 Mutula Kilonzo, akiwa waziri wa elimu, alipiga marufuku tuisheni ya likizo. Mwaka uliofuata ikawa sheria kamili. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Yaani Kenya, kupumzika kwa mtoto kunalindwa na sheria. Na bado mapazia yamefungwa.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 shule zikafungwa, na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Kwa hiyo miezi, kila nyumba Eastlands ilikuwa shule ya nyumbani, upende usipende, na masomo ya redio na simu moja ya kugawana. Waliporudi, serikali ikabana kalenda ili kufidia muda. Likizo zikawa fupi sana, na kalenda ya kawaida haikurudi mpaka Januari 2023. Kuna watoto waliokua wakijua kwamba likizo ni kuvuta pumzi mara moja halafu unarudi mbio.

Sitaki kulaumu wazazi. Nauli ya kwenda ushago imepanda, na wengine shosho hayuko tena. Mathe anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kazi, uwanja wa mtaa umejengwa ghorofa, na tuisheni angalau ina mtu mzima wa kuangalia mtoto. Wengi wanalipia ulinzi, masomo ni jina tu. Hapo ndipo naona shida yetu ilipo. Mapumziko yanahitaji mahali na yanahitaji mtu. Ushago ulitupatia vyote viwili bila malipo, na mtaa haujajaza hilo pengo.

Lakini kuna pa kuanzia. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara zimekarabatiwa, na mtoto anaweza kukaa huko na kitabu cha hadithi ambacho hakina maswali mwishoni. Camp Toyoyo pale Jericho bado ni uwanja. Na wewe uliyemaliza Form Four unangoja kujiunga na chuo, wewe ndiye mtu mzima anayekosekana. Chukua watoto watano wa ploti yenu, wapeleke uwanjani Jumanne na Alhamisi, mathe aende kazi akiwa na amani.

Na kwa familia zinazosomesha watoto nyumbani, nyinyi ndio mna nafasi kubwa kuliko wote. Hamna kengele wala mtihani wa kufunga muhula. Msiigeuze sebule iwe tuisheni ya mwaka mzima. Agosti ikifika, fungeni vitabu kweli. Acha mtoto apike chapati zisizo duara, alale mchana, aulize guka maswali mia. Watoto wa mitaa hii walinyimwa nafasi mjini, baadaye wakanyimwa likizo. Sheria imeshawarudishia hizo wiki. Tuwaachie.